Shiwa Ng'andu au Kisolanza na Kalenga: ukitokea Mbeya, uende wapi?

Shemeji yangu anaishi Forest, hapa Mbeya mjini, na bado analalamika kwamba hajaona msitu tangu ajifungue mtoto wa pili. Mwezi uliopita alinipigia: "Shem, nitafutie mahali pa kwenda siku tatu nne. Pawe na pori la kutembea kwa miguu, na nyumba ya zamani ya familia, yenye hadithi. Sitaki hoteli iliyojengwa juzi ikapakwa rangi ya udongo ionekane ya kale."

Nilimjibu kwa simu, ikakatika mara mbili. Hapa naandika niliyomwambia, pamoja na yale yaliyonitoka kichwani siku ile.

Ukitokea Mbeya una pande mbili. Ukienda na barabara ya Tunduma ukavuka boda kuingia Zambia, ukapita Isoka na njia panda ya Chinsali, utafika Shiwa Ng'andu, shamba lenye ziwa na jumba la kale, mwendo wa kama kilomita 400. Ukigeuka upande wa pili, Uyole, Chimala, Makambako, Mafinga, utafika shamba la Kisolanza, kama kilomita 280, na ukisogea mbele kidogo Iringa mjini na Kalenga ya Mkwawa. Shiwa nimekwenda mara moja. Iringa siwezi kuhesabu, nimeoa huko.

Nyumba

Kama nyumba ndiyo inayokutoa kwako, Shiwa inashinda kabla mchezo haujaanza. Unaacha lami ya Barabara Kuu ya Kaskazini, unaingia vumbi, unapita vibanda vya matofali vya wafanyakazi vilivyojengwa kwa mtindo wa kijiji cha Uingereza, halafu miti inaachana na mbele yako linasimama jumba la matofali mekundu lenye mnara. Nililiona jioni, na dereva wetu, Mnyakyusa asiyeshangaa kitu, alizima gari katikati ya njia akasema, "Sasa huyu alikuwa anamkimbia nani?"

Hakuwa anamkimbia mtu. Stewart Gore-Browne alikuwa afisa wa jeshi la Uingereza, akaja mwaka 1911 na kamati ya kupima mpaka kati ya Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo) na Kongo ya Wabelgiji. Mwaka 1914, kazi imekwisha, akaliona ziwa hili. Vita vikuu vikamrudisha Ulaya, lakini ziwa hakulisahau, na mwaka 1920 akarudi kununua ardhi. Eneo lake lilifika zaidi ya ekari 20,000. Matofali na vigae vilifyatuliwa na kuchomwa palepale. Vilivyotoka Ulaya vilishushwa Ndola, kwa kuwa reli ya karibu ilikuwa huko, kisha vikabebwa vichwani na kupakiwa kwenye mitumbwi kupita mabwawa ya Bangweulu. Fedha nyingi zilitoka kwa shangazi yake Ethel, ambaye pamoja na mumewe ndio waliojenga uwanja wa mashindano ya magari wa Brooklands, Uingereza, mwaka 1907. Shangazi wa namna hiyo kila mtu angemtaka.

Ndani kuna maktaba, na juu ya meko yake yameandikwa maneno ya Kilatini ya mshairi Horace, kwa maana kwamba kipembe kile cha dunia kinamchekea kuliko vyote. Kuna picha za ukoo na samani nzito. Ukizitazama zile samani huku ukikumbuka zilikotoka, unaanza kuhesabu shingo za watu. Waliozibeba hawana picha ukutani. Wewe ukitembezwa uliza habari zao. Sisi tulipouliza, mwongozaji wetu, kijana wa Kibemba, alitujibu vizuri kuliko tulivyotegemea.

Wabemba walimwita Gore-Browne Chipembele, yaani faru, na jina hilo halikuwa la kumpamba. Alikuwa na hasira, na wafanyakazi walichapwa. Mtu huyohuyo aliingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1935, miaka michache baadaye akawa mwakilishi wa maslahi ya Waafrika humo, akapewa cheo cha Sir mwaka 1945, na uzeeni akajiunga na chama cha Kenneth Kaunda kudai uhuru. Alipofariki mwaka 1967 Kaunda alimfanyia maziko ya kitaifa. Kaburi lake liko kilimani, linatazama ziwa. Nenda ukiwa na sura zote mbili kichwani. Anayekupa moja tu anakupunja.

Na kwa wale wanaopenda umbea wa kale: mwanamke aliyempenda ujanani aliitwa Lorna, akaolewa na mwingine. Mwaka 1927 Gore-Browne akamwoa binti wa mwanamke huyo, naye anaitwa Lorna. Shemeji aliposikia hapa ndipo alipokata simu akanipigia upya ili asikie vizuri.

Biashara ya shamba ilikuwa mafuta ya kunukia kutoka jamii ya michungwa na milimau. Ugonjwa wa virusi ukaiua miti. Baadaye, mwaka 1992, binti yake na mkwewe waliuawa, na nyumba ikabaki inachakaa miaka mingi mpaka mjukuu mmoja alipoishika na kuifufua. Familia bado ipo, kwa hiyo usifike ghafla na kugonga mlango: kutembelea ndani ni kwa kupanga mapema, na kulala ndani ya jumba ni kwa bei ya watu wa dola.

Kisolanza usiende ukitegemea hayo. Nasema mapema kwa sababu nimeona watu wakishuka garini pale wakiuliza "kasri liko wapi". Ni nyumba ya shamba, ya familia moja ya walowezi iliyokuwa hapo tangu miaka ya 1930, na shamba linafanya kazi mpaka leo. Hutembezwi sebuleni kwao. Unalala kwenye nyumba ndogo za wageni zilizoezekwa nyasi, au unapiga hema, na usiku unawashiwa moto, kwa sababu pale mwinuko umepita mita 1,600 na baridi haina utani. Historia yake huioni ukutani, unaila: mboga, nyama na mkate wa palepale. Ukitaka kuelewa kwa nini walowezi walifika huku, kumbuka kwamba mwaka 1925 Lord Delamere wa Kenya aliitisha mkutano wao Tukuyu, hapa kwetu Rungwe, akiota ukanda wa mashamba ya wazungu toka Kenya mpaka Rhodesia. Ndoto haikutimia. Mashamba machache kama haya ndiyo masalia yake. Jirani tu, Ifunda, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia palikuwa na kambi ya wakimbizi wa Kipoland. Barabara hii imepitisha watu wa kila namna.

Basi mtu akiniambia Iringa haina nyumba ya ukoo yenye historia ya kufika kiunoni mwa Shiwa, namwambia twende Kalenga, kilomita kama 15 kutoka mjini. Hapo palikuwa makao ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ngome yenye ukuta, iliyoitwa Lipuli. Tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Wajerumani chini ya Zelewski liliangamizwa Lugalo, na Zelewski mwenyewe akafa hapo. Miaka mitatu baadaye, tarehe 30 Oktoba 1894, Wajerumani walirudi na mizinga chini ya Gavana von Schele, Tom von Prince akiwamo, wakaivunja Kalenga. Mkwawa akapigana porini karibu miaka minne mpaka tarehe 19 Julai 1898 alipojiua Mlambalasi ili asishikwe. Kichwa chake kilikatwa. Mkataba wa Versailles wa 1919 ulitaja fuvu lake kwa jina, lirudishwe. Likarudi mwaka 1954, baada ya Gavana Twining wa Tanganyika kwenda kulitafuta kwenye makumbusho ya Bremen. Liko Kalenga, ndani ya kioo.

Sasa linganisha mwenyewe. Shiwa unaona jumba zima na wenyewe hawana shida kukuonyesha kikombe alichonywea bwana. Kalenga jumba halipo. Kuna chumba kidogo cha makumbusho, silaha, fuvu, mabaki ya ukuta ukionyeshwa pa kutazama, na makaburi ya warithi, akiwamo mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi, aliyekuwa Spika wa Bunge letu kwa miaka mingi. Kwa saa moja na nusu umemaliza. Lakini mimi nilitoka Shiwa nikizungumzia samani, na kila mara natoka Kalenga nikiwa kimya mpaka Ipogolo. Mtunzaji wa makumbusho akiwa mzee wa Kihehe, msalimie "kamwene" kabla hujatoa pesa ya kiingilio. Hadithi utakayopewa itakuwa ndefu zaidi.

Pori

Hapa nako Shiwa iko mbele, ila si kwa umbali ule. Eneo la shamba ni hifadhi binafsi, miombo na mbuga za majani, na unatembea kwa miguu au kwa gari ukiona sheshe, pundamilia na aina kadhaa za swala. Kandokando ya ziwa, kwenye mafunjo, anaishi nzohe, swala wa majimaji, ambaye nilionyeshwa masikio yake tu. Ziwa si la kuogelea. Jina linatosha: ng'andu ni mamba, na ndilo pia jina la ukoo wa kifalme wa Wabemba, Bena Ng'andu, ndiyo maana wengi hulitafsiri kama ziwa la mamba wa kifalme.

Kuoga utaoga Kapishya, kama kilomita 20 kutoka kwenye jumba. Ni chemchemi ya maji moto, chini ni mchanga mweupe, maji unaona vidole vyako, na juu minazi-pori ya rafia imefunika. Haina ile harufu ya yai bovu. Tulifika Julai asubuhi, mvuke umetanda, na dereva wetu asiyeshangaa kitu alikaa majini mpaka tukamfuata na taulo. Kapishya pana sehemu ya kupiga hema, na huko ndiko mtu wa mshahara wa kawaida anakolala, si kwenye jumba.

Kisolanza utatembea shambani na kwenye miombo ya jirani, kuna ndege wengi, lakini wanyama wakubwa hakuna. Pengo hilo unaliziba na Isimila, kwenye barabara hiyohiyo, kilomita kama 20 kabla ya kufika Iringa. Ni korongo lenye nguzo za udongo zilizochongwa na maji, ndefu kuliko nyumba, na chini yake zana za mawe za watu wa kale zimelala wazi, mashoka ya mkono ya ukubwa wa kiganja. Watoto wanapapenda kuliko Kalenga. Asubuhi au jioni tu; saa saba mchana lile korongo ni tanuri.

Najua kuna atakayesema, mbona hukuitaja Ruaha? Ruaha ni hifadhi ya taifa, kubwa, tembo na simba, lakini ni safari nyingine na bajeti nyingine. Ukiwa na siku ya ziada unaweza kufuata barabara yake mpaka Mlambalasi tu, ukaona kaburi la Mkwawa na mwamba alipoishia, ukarudi.

Na Kitulo? Kitulo sikuiweka kwenye mizani kwa sababu haina nyumba, ina maua. Lakini kama nyumba ulikuwa unaisema kwa mazoea tu na unachotaka hasa ni kutembea, acha yote niliyoandika, panda kona 57 za Chimala kwenda Matamba, kati ya Desemba na Aprili, uone kwa nini wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Ni hifadhi tangu 2005, kilomita za mraba 413, na ina aina 45 za okidi zinazoota ardhini. Inanichekesha kwamba okidi hizo zinaunganisha pande zote mbili za makala haya. Viazi vyake huchimbwa huku nyanda za juu, vikavushwa Tunduma, vikatwangwa na karanga kuwa chikanda, kitafunwa ambacho Wabemba wanakipenda kama sisi tunavyopenda kachori. Nilikila Chinsali bila kujua. Kitamu, na ndilo tatizo lenyewe: okidi zinaisha.

Njiani

Njia ya Iringa haina la kueleza. Basi lolote la Dar linapita mlangoni. Mwambie konda akushushe Kisolanza, na umkumbushe tena mkifika Mafinga kwa sababu atasahau. Makambako vaa sweta, upepo wake unajulikana. Ukiwa na gari lako, saa tano au sita, kwa sababu ya malori na vibao vya hamsini.

Njia ya Shiwa inakuanzia Tunduma. Tangu 2019 uhamiaji na forodha za nchi mbili ziko chini ya paa moja, na Mtanzania haombi viza, lakini foleni ya malori inaweza kukulaza hata kama wewe una gari dogo. Vuka alfajiri. Kila mtu awe na pasipoti, mtoto naye awe na yake, na beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Gari litahitaji bima ya kuvuka mpaka na kibali cha forodha. Saa zinarudi nyuma kwa saa moja. Tulisahau, tukafika kwenye miadi yetu ya kutembezwa tukiwa tumewahi tukadhani tumechelewa.

Kuchenji pesa: mimi nilibadilisha kwa kijana wa barabarani, akahesabu kwacha mbele yangu mara mbili, zikawa kamili mara zote mbili, na nilipofika Nakonde zikawa pungufu. Nenda benki au duka la fedha, hata ukisimama foleni. Nakonde Kiswahili kinakutosha. Ukishapita Isoka jifunze "mulishani", utafunguliwa milango. Jaza mafuta kila unapoona kituo kinachofanya kazi. Barabara ina vipande vizuri na vipande vya mashimo, na usiku usiendeshe.

Kuna wanaoota kwenda kwa TAZARA mpaka Mpika, halafu gari kurudi kaskazini kama kilomita 90. Ni ndoto nzuri. Nami ninayo. Lakini ulizia stesheni kwanza kama treni ya abiria inatembea wiki hiyo, na usiwe na siku ya kurudi kazini iliyoandikwa kwa wino.

Mfuko na majira

Bei sitaji, maana hubadilika na nisingependa uninyooshee kidole ukiwa getini. Uwiano ninaokumbuka ni huu: tulivyotumia watu wanne siku nne Shiwa, tukilala Kapishya kwenye mahema, vingetutosha Iringa siku nane, Kalenga na Isimila ndani, kwa kuwa kiingilio cha Mtanzania kwenye vituo vya serikali ni kidogo. Kinachokula pesa Zambia si kitanda. Ni mafuta, boda, na kwamba hakuna duka la kukimbilia. Kila nyanya unabeba.

Mvua huanza Novemba kote kuwili mpaka Aprili. Kwa Iringa hilo halina neno, lami ni lami, na ulanzi huwa mwingi, kwa wanaotumia. Kwa Shiwa, vumbi la kutoka barabara kuu huwa tope, na gari dogo litakuaibisha. Nenda huko kati ya Mei na Oktoba. Juni na Julai baridi ni kali lakini ndipo chemchemi ina maana.

Kwa hiyo, shemeji: ukiwa na watoto wadogo, siku tatu, na mume asiyependa foleni, nenda Iringa. Lala Kisolanza usiku mbili, Isimila asubuhi ya pili, Kalenga ukiwa unazunguka mjini, na msipitishe Kalenga haraka kwa sababu watoto wanalilia chipsi, walisheni kwanza. Ukiwa na wiki nzima, watu wazima wanne wa kuchangia mafuta, na ile nyumba inakunyima usingizi, Shiwa. Wazee wenye magoti mabaya hawataona shida na jumba lenyewe, ila kilomita 400 na boda katikati zitawamaliza.

Amesikiliza, amekataa kuchagua. Iringa anakwenda Desemba hii, Shiwa Julai. Ameshanitumia orodha ya watakaochangia mafuta, na jina langu ni la kwanza. Kinachosubiriwa ni pasipoti ya yule mtoto wa pili.